Kompyuta ya gemu inazimika ghafla: ninunue kipi?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nina kompyuta ya gemu niliyoiunganisha mwenyewe miaka mitano iliyopita, na haikuwahi kunisumbua. Miezi miwili iliyopita niliiwekea kadi mpya ya picha ya wati 320, na siku hiyohiyo nikaongeza vijiti viwili vya ramu, sasa viko vinne vya DDR4. Pawa saplai ni ileile ya wati 650. Tangu hapo, nikicheza gemu nzito kwa dakika 10 hadi 20, skrini inakuwa nyeusi, kompyuta inazimika kama imechomolewa, kisha inajiwasha yenyewe. Siku nyingine haizimiki, ila gemu inajifunga na kunirudisha kwenye desktopu bila ujumbe wowote. Nimeweka Windows upya mara mbili. Kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows, naona Kernel-Power 41. Rafiki yangu anasema kadi ni mbovu, fundi anasema ni mazabodi (bodi kuu). Ninunue kipi?

Jibu: Salama, ndugu yangu. Shikilia pesa yako kwanza.

Kuna jambo umelitaja kwa kupita tu, nami ndilo lililonisimamisha: kompyuta yako inaanguka kwa namna mbili. Mara inazimika kama imechomolewa ukutani, mara gemu inajifunga huku Windows ikiendelea na shughuli zake. Wewe, rafiki yako na fundi mmezichukua kama dalili za ugonjwa mmoja. Mimi naona uwezekano mkubwa kwamba ni magonjwa mawili, na yameingia siku moja kwa sababu siku moja ulibadilisha vitu viwili. Hali ikiwa hivyo, hata ukitibu moja kwa usahihi kabisa, jingine litabaki na kukuaminisha kwamba hukugusa penyewe.

Kwa hiyo utaratibu ninaokuomba uufuate ni huu: usikihukumu kifaa chochote mpaka uweze kuuita ugonjwa ukaja na kuufukuza ukaondoka, kwa makusudi, zaidi ya mara moja. Niliufikia utaratibu huu kwa gharama ya mtu mwingine. Zamani niliwahi kumwambia mwenye kompyuta kwamba kadi yake ya picha imekufa. Dalili zote zilielekea huko. Akanunua nyingine, akaifunga, na jioni ileile mashine ikazimika vilevile. Kosa lilikuwa kwenye kebo iliyokuwa ikiilisha kadi. Alikuwa amejinyima miezi kadhaa kuipata ile pesa, na jambo lile limekaa nami mpaka leo.

Sasa tuanze na hiyo Kernel-Power 41, maana inawapotosha wengi. Watu wanaiona, wanasoma neno "Power", wanakimbilia kununua pawa saplai. Ujumbe huo hautaji chanzo cha kifo. Windows inauandika baada ya kuwaka tena, ikikuta kwamba mara ya mwisho haikuzimwa kwa utaratibu. Ni tangazo la msiba tu. Lakini ndani yake mna kitu cha maana sana: fungua tukio lenyewe, nenda kwenye sehemu ya Details, utafute mstari ulioandikwa BugcheckCode. Ukikuta 0, maana yake Windows haikupata hata nafasi ya kuonyesha skrini ya bluu. Umeme ulikatika, au kitu fulani kiliirudisha mashine mwanzo papo hapo (ama iliganda nawe ukaizima kwa kubonyeza swichi, lakini hilo utalikumbuka). Ukikuta namba nyingine, basi Windows ilijiona ikianguka, na namba hiyo inasema kitu. Angalia tu kwamba pale imeandikwa kwa desimali, wakati misimbo tunayoizoea iko kwa heksadesimali, yaani namba za msingi wa 16: 278 ni 0x116, yaani draiva ya kadi ya picha (programu inayoiendesha) imekwama na haikuweza kufufuliwa, 292 ni 0x124, prosesa au njia zake zimeripoti kosa la kimwili, 26 ni 0x1A, usimamizi wa kumbukumbu umeharibika, na hapo ramu inakuwa mtuhumiwa wa kwanza.

Ukiwa palepale, chuja pia matukio yenye chanzo WHEA-Logger. Hicho ndicho chombo cha Windows cha kupokea malalamiko ya vifaa vyenyewe. ID 18 ni kosa kubwa lililoiangusha mashine, na mara nyingi linataja prosesa. ID 17 na 19 ni makosa yaliyosahihishwa, ambayo hayakukuangusha lakini yanaonyesha kwamba mahali fulani pana unyonge. Kama kuna tukio la Display lenye ID 4101, hilo linasema draiva ya picha iliacha kujibu kisha ikafufuliwa. Windows huisubiri kadi sekunde 2 tu kabla ya kuamua kwamba imekwama.

Halafu bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, uandike perfmon /rel. Utafunguka mchoro wa siku baada ya siku unaoonyesha kila kilichoanguka. Itafute siku ulipofunga kadi na ramu. Kama kabla ya siku hiyo mchoro ni safi na baada yake umejaa alama nyekundu, una ushahidi ambao fundi hakuutafuta: mazabodi iliyofanya kazi miaka mitano bila tatizo ingekuwa imechagua siku ya ajabu sana ya kufa. Ila kwa kuwa umeweka Windows upya mara mbili, huenda historia hiyo imefutika. Basi tumia kumbukumbu yako mwenyewe, na tangu leo andika kwenye karatasi kila mara inapoanguka: saa ngapi, gemu gani, ulikuwa unafanya nini, na imeanguka vipi.

Hilo la "vipi" lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mashine inayozimika na kukataa kuwaka mpaka uzime swichi ya nyuma na kuiwasha tena, hiyo karibu kila mara ni pawa saplai iliyojifunga kwa ulinzi. Inayozimika na kujiwasha yenyewe, kama yako, ni pawa saplai iliyoyumba kwa kitambo kifupi, au prosesa iliyopata kosa kubwa. Mistari ya WHEA ndiyo inayozitenganisha hizi mbili. Skrini ikiwa nyeusi lakini sauti ya gemu inaendelea na feni za kadi zinavuma kwa nguvu zote, kadi ya picha imepotea kwenye mfumo, kwa ubovu wake au kwa kukosa umeme. Kila kitu kikiganda na sauti ikarudiarudia mlio mmoja, waza ramu, prosesa, au mawasiliano kati ya kadi na mazabodi. Na gemu inayojifunga kimya huku Windows ikibaki hai inaashiria mara nyingi data iliyoharibika njiani: ramu kwanza, prosesa pili, na kadi iliyopandishwa kasi kupita kiasi tatu. Bila shaka gemu yenyewe nayo inaweza kuwa na kasoro. Lakini kama gemu tatu tofauti zinajifunga, usilaumu gemu.

Tuingie kwenye kuzimika. Hesabu ya haraka inadanganya. Kadi wati 320, prosesa tuseme 140, mazabodi, diski, ramu na feni 60 hivi: jumla 520. Pawa saplai ya 650 inabaki na akiba ya wati 130, kwa hiyo kila mtu anaiachia huru. Lakini 320 ni wastani. Kadi kubwa za picha za miaka hii hazili umeme kwa utulivu. Mzigo unapanda na kushuka ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, na mruko mmoja unaweza kukaribia mara mbili ya wastani huo. Mita ya kuchomeka ukutani haiuoni mruko huo. Programu za vipimo hazioni. Saketi ya ulinzi iliyo ndani ya pawa saplai inauona, na kazi yake ni kukata. Tatizo hili lilikuwa zito kiasi kwamba kiwango cha pawa saplai cha ATX 3.0, kilichotoka mwaka 2022, kimeliwekea sharti: pawa saplai zinazotumia plagi mpya ya pini 16 zihimili miruko ya hadi mara mbili ya wati zake kwa maikrosekunde 100. Pawa saplai za kabla ya hapo hazikuahidi kitu kama hicho. Baadhi zinaweza, hasa zilizotengenezwa vizuri; nyingine ulinzi wake ni mkali mno na unakata mapema.

Kabla ya kuishuku pawa saplai yenyewe, lakini, fungua ubavu wa kasha uchungulie. Kadi yako yaelekea ina plagi mbili za pini 8. Je, kila plagi ina kebo yake mpaka kwenye pawa saplai, au ni kebo moja yenye vichwa viwili? Naomba ulichukulie swali hili kwa uzito, maana ndilo lililomgharimu yule niliyemtaja juu. Plagi moja ya pini 8 imepangiwa wati 150, na sloti ya mazabodi inaongeza hadi 75. Tuseme sloti inatoa 60. Zinabaki 260 za kupita kwenye kebo. Wati 260 kwa volti 12 ni karibu ampea 22. Kebo moja ya aina hiyo ina nyaya 3 tu za volti 12, kwa hiyo kila waya unabeba zaidi ya ampea 7 kwa wastani, na wakati wa mruko unabeba mara mbili yake. Ukiwa na kebo mbili zilizotengana, kila waya unabeba nusu tu, na kwa kuwa joto la waya hufuata mraba wa ampea, nusu ya mkondo ni robo ya joto. Kupungua kwa volti njiani nako kunakuwa nusu. Kadi inatarajia volti 12 zisizoshuka sana; ikipata pungufu wakati wa mruko, inaanguka hata kama pawa saplai ni nzima.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya halina gharama: zima kila kitu, chomoa kebo ya ukutani, kisha iwekee kadi kebo mbili zinazojitegemea kutoka kwenye pawa saplai yako. Na hapa naomba unisikilize vizuri. Tumia kebo zilizokuja na pawa saplai hiyohiyo, wala usiazime za nyingine hata kama zinaingia. Upande wa kadi plagi zinafanana kwa kila kampuni, lakini upande wa pawa saplai hakuna kiwango kinacholazimisha mpangilio wa pini. Waya wa volti 12 unaweza kutua pale kifaa kinapotegemea volti 5 au ardhi, na ukabonyeza swichi mara moja tu ukapoteza diski au mazabodi. Pia sukuma plagi mpaka usikie inakamata. Plagi iliyoingia nusu inapitisha umeme vizuri ukiwa unasoma barua pepe, kisha inapata moto ukianza kucheza.

Kama ulikuwa umechomeka kompyuta kwenye ekstensheni yenye vifaa vingine vingi, au kwenye UPS ndogo, ihamishie moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani wakati wa majaribio. UPS iliyozidiwa na mzigo hukata umeme, na dalili yake huwezi kuitofautisha na ya pawa saplai mbovu.

Sasa jaribio lenyewe. Weka MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi ya picha, shusha kiwango cha umeme cha kadi, kile kilichoandikwa Power Limit, hadi asilimia 70, halafu ndani ya gemu weka kikomo cha fremu 60 kwa sekunde. Cheza gemu ileile inayokuangusha, mahali palepale, kwa saa mbili au tatu. Kama haizimiki, rudisha asilimia 100 na uondoe kikomo. Ikizimika, shusha tena. Ukifanya mzunguko huo mara mbili na matokeo yakafuatana na mkono wako, umeufahamu ugonjwa: ni umeme au joto, wala siyo Windows na siyo draiva.

Nimesema umeme au joto kwa sababu ukishusha kimoja na kingine kinashuka. Kuvitenganisha, washa HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya kompyuta, na uiambie iandike vipimo kwenye faili wakati unacheza. Ni muhimu iandike kwenye faili, maana kipimo cha dirishani kinapotea pamoja na mashine. Baada ya kuzimika, fungua faili hilo utazame mistari ya mwisho. Joto linalopanda pole pole, dakika baada ya dakika, mpaka kikomo ndipo giza linaingia, hilo ni joto. Giza linaloingia wakati kadi iko nyuzi 65 na kila kitu kimetulia, hilo ni umeme. Dalili nyingine ya umeme ni kuzimika wakati usio na maana: unapofungua menyu ya gemu ambayo haina kikomo cha fremu, au sekunde ileile tukio zito linapomalizika kupakiwa. Hapo ndipo mzigo unaruka kutoka chini hadi juu kwa ghafla.

Nikuonye kuhusu programu za kuibana kadi kwa mzigo usiobadilika, kama FurMark. Wengi wanaiendesha nusu saa, inapita, wanasema pawa saplai ni nzima. Mzigo wa namna ile ni mzito lakini umetulia, na kinachokuangusha wewe ni miruko. Programu ya OCCT ni bora kwa kazi hii kwa sababu ina jaribio la kuibana prosesa na kadi kwa pamoja, na pia inaweza kuupandisha na kuushusha mzigo kwa kurudiarudia. Ikizimika ndani ya OCCT, umepata njia ya kuuita ugonjwa kwa dakika chache badala ya kusubiri jioni nzima.

Ikiwa kebo mbili zimemaliza tatizo, umetibu bila kutumia hata senti. Ikiwa bado inazimika kwenye asilimia 100 na kupona kwenye 70, azima pawa saplai ya wati 850 yenye jina zuri pamoja na kebo zake zote, ujaribu siku mbili kabla ya kununua. Ukilazimika kununua bila kuazima, nunua iliyofuata ATX 3.0 au 3.1, na uangalie muda wa dhamana: kampuni inayotoa miaka 10 inajua ilichoweka ndani. Usiifungue ile ya zamani kutafuta kilichoharibika. Kapasita zake kubwa zinashika volti za hatari hata baada ya kuchomolewa, na hakuna kitu mle ndani ambacho mtu wa kawaida anapaswa kukigusa.

Kuhusu joto sina mengi, kwa sababu miaka hii ni nadra joto peke yake kuiua mashine kwa ghafla. Prosesa ikifika kikomo chake, nyuzi 100 kwa nyingi za Intel, 95 kwa Ryzen 7000 za AMD, 90 kwa Ryzen 5000 nyingi, inapunguza kasi kwanza; utaona gemu linakuwa zito kabla ya kitu kingine. Ukikuta joto la sehemu yenye moto zaidi kwenye kadi limeachana na joto lake la kawaida kwa zaidi ya nyuzi 30 hivi, pesti ya kupitisha joto imekauka au heatisinki (chuma cha kupoza) haijakaa sawa. Kadi zenye kumbukumbu za GDDR6X nazo hujibana zinapokaribia nyuzi 110. Toa vumbi, hakikisha feni za mbele zinavuta na za nyuma zinatoa, tuendelee.

Sasa gemu zinazojifunga. Hapa macho yangu yako kwenye ramu, na sina wasiwasi kukuambia hivyo. Ulikuwa na vijiti viwili vilivyofanya kazi miaka mitano, ukaongeza viwili vingine. Hata kama jina na kasi vinafanana, vijiti vilivyonunuliwa kwa nyakati tofauti vinaweza kuwa na chipu tofauti ndani, na kiwandani havikujaribiwa pamoja. Zaidi ya hapo, anayeviendesha ni kidhibiti kilicho ndani ya prosesa, na vijiti vinne ni mzigo mzito kwake kuliko viwili. Ile kasi ya XMP (mpangilio wa kuikimbiza ramu) uliyoiwasha kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mazabodi, siku ya kwanza, 3200 au 3600, ni kasi iliyo juu ya ile ya msingi ambayo DDR4 huwaka nayo, mara nyingi 2133 au 2400. Vijiti viwili viliimudu. Vinne huenda vinaimudu kwa asilimia tisini na tisa ya wakati, na ile iliyobaki ndiyo inayofunga gemu.

Ramu yenye kosa dogo ina ubaya wake wa pekee, nao ni kwamba haijitambulishi. Biti moja ikigeuka kwenye rangi ya ukuta ndani ya gemu, hutaona kitu. Ikigeuka kwenye anwani ambayo programu inaifuata, gemu inafungika. Ikigeuka kwenye kiini cha Windows, unapata skrini ya bluu, na kila siku yenye jina tofauti. Ukiona misimbo inabadilikabadilika bila mpango, au faili kubwa lililobanwa linakataa kufunguka leo na kesho linafunguka, au gemu uliyoipakua inadai kurekebishwa kila ukiikagua, basi anza na ramu. Na kuna jambo linaloniuma kila nikilisoma kwenye maswali kama lako: umeweka Windows upya mara mbili ukitumia ramu hiyohiyo unayoishuku. Faili za mfumo zilipita kwenye ramu hiyo kabla ya kufika kwenye diski. Huenda umeandika makosa mapya juu ya mfumo uliokuwa safi.

Fanya hivi. Ingia BIOS, zima XMP, acha ramu ikimbie kwa kasi yake ya msingi, ucheze siku tatu. Gemu zikiacha kujifunga, washa XMP tena uone kama zinarudi. Zikirudi, kijiti kinaweza kuwa kizima kabisa. Kinachoshindwa ni mwafaka kati ya vinne kwa kasi hiyo. Hapo una hiari ya kushusha kasi hatua moja mpaka itulie, au kutoa viwili na kubaki na viwili, au kuuza vyote na kununua pea moja yenye ujazo unaoutaka, iliyofungwa pamoja kiwandani. Mimi ningechagua pea moja. Ukibaki na viwili, kwenye mazabodi nyingi vinakaa sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, lakini thibitisha kwenye kitabu cha mazabodi yako.

Kama gemu zinaendelea kujifunga hata XMP ikiwa imezimwa, weka MemTest86, programu ya kupima ramu, kwenye flashi, uwashe kompyuta kwa flashi hiyo, na uiache usiku kucha imalize mizunguko minne. Kosa moja tu linatosha kuhukumu. Usiseme "ni moja tu kati ya mabilioni". Ramu nzima haikosei hata mara moja. Ukipata kosa, jaribu kijiti kimoja kimoja katika sloti ileile ili ujue mwenye hatia. Usipopata kosa, usiiachie huru ramu moja kwa moja, maana MemTest86 haipashi moto kadi na prosesa kama gemu inavyofanya. Ukishatulia, fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike sfc /scannow, ili Windows ikague faili zake zilizoharibika wakati wa ugonjwa.

Hukuniambia prosesa yako ni ipi. Kwa kuwa mashine yako ina miaka mitano, huenda hili halikuhusu, lakini kama uliwahi kuibadilisha na kuweka Intel Core ya kizazi cha 13 au cha 14 ya kompyuta ya mezani, niambie mapema. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa hizo zilikuwa zikidhoofika kwa sababu ya volti zilizozidi, ikatoa marekebisho ya maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) 0x129 mwezi Agosti na 0x12B mwezi Septemba, na ikaongeza miaka 2 kwenye dhamana. Dalili yake ni gemu inayojifunga wakati inaandaa sheda (programu ndogo za kuchora picha), pengine kwa ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi imejaa wakati kadi ina nafasi tele. Marekebisho hayo huja kupitia BIOS mpya na yanazuia madhara. Prosesa iliyokwisha kudhoofika hayaiponyi, hiyo inadaiwa dhamana. Na kama una Ryzen ambayo uliishushia volti kwa Curve Optimizer, irudishe kwenye sifuri kabla ya jaribio lolote. Hizo zina tabia ya kuanguka mashine ikiwa haina kazi, jambo ambalo halimwingii mtu akilini.

Kadi mpya inaweza kuwa mbovu, sikatai. Njia safi ya kuipima ni kuifunga kwenye kompyuta ya mtu mwingine yenye umeme wa kutosha. Ikianguka na kule, dhamana bado ipo; irudishe. Pia rudisha ile kadi yako ya zamani kwenye mashine yako kwa siku mbili: ikitulia, haijathibitisha kwamba kadi mpya ni mbovu, kwa sababu ya zamani ilikula umeme kidogo. Fundi wengi huteleza hapo.

Mazabodi ninaiweka mwisho. Anayeitaja kwanza mara nyingi ameitaja kwa sababu haipimiki kirahisi, hivyo hakuna wa kumpinga. Sasisha BIOS, rudisha mipangilio yake ya kiwandani, hakikisha plagi ya umeme wa prosesa iliyo juu kushoto imeingia hadi mwisho, na kama kadi imefungwa kwa kebo ndefu ya kuisimamisha wima, itoe uifunge moja kwa moja kwenye sloti.

Kwa hiyo wiki hii gusa kitu kimoja kwa wakati: leo kebo mbili za kadi, zifuate siku mbili za kucheza, halafu zima XMP, siku tatu, halafu lile jaribio la asilimia 70. Ukimaliza niandikie namba iliyo kwenye BugcheckCode, mistari yoyote ya WHEA-Logger, jina na toleo la pawa saplai kama lilivyoandikwa kwenye stika yake, na jina la prosesa. Pia lile karatasi la kumbukumbu, piga picha uniambatishie.